Jiwe Kwenye Kiti cha Dereva

Ninyi mnaonunua pikapu kuukuu siku hizi, nawaona. Nakaa hapa barazani kwangu Mikelenge, mjini Kindu, miguu imeshakataa safari, nanyi mnapita mbele yangu mkiwa mmeipaka gari rangi mpya, mmeifunga taa nne mbele, honi ya lori, na spika mbili zinazotikisa hata sufuria za mke wangu. Mkiniona mnapunguza mwendo. "Papa Fundi, angalia mashini yetu!" Nami nauliza swali langu lile lile: "Inasimama namna gani?" Mnacheka. Mmoja wenu juzi alinijibu, "Isimame ya nini, Papa? Sisi tunaenda mpaka Kama!"

Leo nitawaeleza kwa nini nauliza hivyo. Kuna mtu aliyenitaka niyaseme haya mbele ya watu, na ana haki ya kunitaka. Ila mtanivumilia nikizunguka kidogo. Boliti yenye kutu huifungui kwa nguvu. Unaimwagia mafuta, unaigonga taratibu, unaiacha, unairudia. Na hii yangu imekaa miaka mingi.

Mimi sikuanza na magari. Nilikuwa fundi wa baiskeli, kazi yangu kuziba pancha na kunyoosha ringi, mpaka Mzee Amuri akanichukua. Huyu alijifunza ufundi zamani kwenye karakana ya reli, na alikuwa na garaji yake nyuma ya nyumba, shimo moja na paa la mabati. Alinichukua kwa sababu nilimtengenezea baiskeli yake na hakuna nati iliyobaki mkononi mwangu baada ya kuifunga. Kwake hicho kilikuwa cheti tosha.

Siku ya kwanza alinipa boliti za ekzosi nizikaze. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikajiona mwanamume kweli, mpaka boliti ikakatika na nusu yake ikabaki ndani ya injini. Tulimaliza siku nzima kukitoa kile kipande. Mzee hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, "Sumaili, baiskeli inakuvumilia, juu unaipanda wewe mwenyewe. Gari inabeba watoto ya watu."

Mara ya pili nilijiaibisha zaidi. Gari lilikataa kuwaka asubuhi, Mzee akasema, "Tafuta ugonjwa." Basi nikaona saa yangu imefika. Nikafungua chujio, nikafungua pampu ya mafuta, nikafungua mabomba, nikavipanga vyote juu ya gunia kama muuza dagaa. Siku mbili. Mzee alikuwa anapita, anaangalia, anakwenda zake kuswali. Siku ya tatu akaniambia nirudishe kila kitu mahali pake. Nilipomaliza, akatoa kisu chake kidogo, akakwangua ule unga wa kijani kwenye kichwa cha betri, akakaza, akapiga ufunguo. Likawaka. Kumbe alijua tangu asubuhi ya kwanza.

Kwa hiyo ninyi wapya, kabla hamjashika ufunguo, anzeni na vya bure. Piga stata huku unatazama taa: zikififia, ugonjwa uko kwenye betri au kwenye nyaya zake, usiguse pampu. Taa zikibaki kali na injini inazunguka bila kuwaka, hapo ndipo utafute mafuta na hewa. Na usianze kufungua kabla ya kuongea na dereva. Mzee Amuri alikuwa anamkalisha dereva kwenye benchi, anampa maji, anamuuliza: ilianza lini, ulikuwa unapanda au unashuka, ulisikia harufu gani. "Shofere njo mugonjwa mwenye kusema," alikuwa anatuambia. "Gari yenyewe iko bubu." Siku hizi mnatazama video kwenye simu, sawa, zina mengi. Lakini simu haijawahi kuendesha gari lako.

Na kulikuwa na jiwe. Lilikuwa bapa, jeusi, ukubwa wa mkate, Mzee alilitoa ukingoni mwa mto Lualaba. Gari lolote ambalo breki zake au usukani wake vimefunguliwa, jiwe lilikaa kwenye kiti cha dereva. Maana yake ilikuwa moja: hapa haketi mtu. Hata mwenye gari. Hata mwenye bunduki. Na sheria ilikuwa kwamba aliyeliweka ndiye anayelitoa, si mwingine, na halitoi mpaka awe tayari kupanda yeye mwenyewe na watoto wake. Kuna mfanyabiashara mmoja aliyekuja mbio, akafungua mlango, akajitupa kitini bila kutazama. Kelele aliyopiga ilimtoa muadhini msikitini. Tulicheka wiki nzima, na tangu siku hiyo mjini wakajua kwamba kwa Mzee Amuri unatazama kwanza.

Pikapu ninayotaka kuisema ilikuwa ya kijani, nyuma imeandikwa HARAKA YA NINI. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa chumvi na mchele. Dereva wake aliitwa Shabani. Alinizidi miaka michache, nami nikamwita Yaya, kama tunavyowaita kaka zetu hapa. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa sala tano, na pombe hakuijua hata harufu yake. Njia ya kwenda Kama ilikuwa na madaraja ya magogo, na kwa kila daraja Shabani alisimamisha gari, akashuka, akalipita kwa miguu, akalitingisha gogo moja moja, akarudi, ndipo akavuka. Abiria walimtukana kwa kuwachelewesha. Yeye alijibu, "Kama mutaanguka, mutanitukana zaidi." Mkumbuke hilo la madaraja, maana nitalirudia.

Vita vilipofika mjini, Mzee Amuri alikwenda kwao upande wa Pangi na familia yake. Asubuhi ya kuondoka alinikabidhi funguo za garaji na lile jiwe. Alikuwa na haraka, watoto wanalia, mizigo kichwani, lakini alisimama akanishika mkono. "Kitu moja tu, Sumaili. Kwenye fren usiweke kitu ingine isipokuwa mafuta ya fren. Kama haiko, gari ilale. Umesikia?" Nikasema nimesikia, Muzee. Fren ndiyo breki, kwa Kifaransa chetu cha garajini. Hakurudi tena, aliugua hukohuko msituni akafa, na mimi nikabaki fundi wa mji mzima nikiwa na ujuzi wa miaka miwili.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Treni haikuja, meli hazikuja, vipuri vikawa ndoto, na watu wakaanza kuniita Fundi Mkubwa kwa sababu sikuwa na mwenzangu. Tajiri akanitaka niiongezee pikapu nguvu ibebe mzigo zaidi, maana magari yalikuwa machache. Nikatoa majani ya springi kwenye lori bovu lililokuwa limelala kando ya njia, nikayakata, nikayatoboa, nikaongeza mawili kila upande nyuma. Pikapu ikainua makalio. Hata ikibeba magunia, haikuinama. Mji mzima ulikuja kuangalia, nami nilizunguka gari lile mikono nyuma kama bwana harusi. Nilichosahau ni kwamba breki zilikuwa zile zile za mzigo mdogo. Ninyi mnaofunga springi nene na matairi makubwa, hiyo ndiyo hesabu mnayoikosea: kila kilo unayoiongeza juu, kuna mtu chini atakayeomba isimame.

Kisha breki zikaanza kuvuja. Nilibadilisha bomba moja kwa bomba nililolitoa kwenye gari lingine, hiyo haikunishinda. Lakini mafuta ya breki hayakuwepo Kindu nzima. Nilitafuta kwa watu wa ndege, kwa watu wa reli, kwa mtu yeyote aliyewahi kuwa na gari. Hayakuwepo. Pikapu ikakaa garajini, jiwe kitini, na tajiri akaja kila siku. Ilikuwa inasubiriwa chumvi ya kuletwa na ndege. Mnajua ninyi maana ya mji kukosa chumvi? Watu walipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa majivu. Tajiri alisema kama siwezi, niseme nani anaweza. Neno hilo ndilo lililonichoma. Sikuchomwa na chumvi ya watu, nawaambia ukweli. Nilichomwa na kuambiwa siwezi.

Nikachukua mafuta ya ngazi, haya mawese ya kupikia. Nikayachemsha, nikayachuja kwenye kitambaa mara tatu, nikatia spiriti kidogo yasigande. Msijaribu, hata kwa mzaha. Mpira wa breki ukinywa mafuta ya kupikia unavimba, unalegea, unaharibika. Mimi sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba Mzee alikataza, na niliona marufuku ya mzee aliye mbali ni nyepesi. Na sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Nilichukua kopo tupu la mafuta ya breki kwenye rafu ya Mzee Amuri, nikayamimina mle ndani, ili Shabani akija alione kopo.

Akaja. "Umeipata?" Nikamwonyesha kopo. "Muzee aliacha kidogo, nilikuwa nimesahau." Alifurahi, akanipiga bega.

Kutoa hewa kwenye breki hakufanywi na mtu mmoja, labda siku hizi mna vifaa. Mmoja anakaa kitini, mguu kwenye pedali, jiwe kalisogeza kando ya paja lake, maana kulisogeza si kulitoa. Mwingine analala chini kwenye gurudumu na ufunguo wa kumi na chupa yenye bomba. Unaanza na gurudumu la mbali kabisa na pampu, nyuma kulia, unamalizia la mbele kushoto. Wa juu haoni mkono wa wa chini, na wa chini haoni mguu wa wa juu. Ni sauti tu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika!"

"Nimeshika!"

Hapo unafungua, hewa inatoka povu povu kwenye chupa, unafunga, unasema, "Acha," naye anaachia pedali polepole. Mkikosana kidogo tu, akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Shabani hakuwahi kuachia kabla ya neno langu. Tulizunguka magurudumu yote manne, pedali ikawa ngumu, nzuri, nikalitoa jiwe kitini kwa mkono wangu.

Siku ya kwanza gari lilisimama vizuri. Siku ya pili Shabani akapita garajini. "Mudogo wangu, pedali inarudia pole pole. Na magurudumu iko moto." Dereva ndiye mgonjwa anayesema, na huyu alikuwa amesema kila kitu. Nilikuwa nakula. Nikamjibu bila kusimama, "Ni mupya, itazoea." Akasema haya, akaenda.

Siku ya tatu ndege ilileta chumvi. Shabani akapakia mpaka juu, springi zangu zikabeba bila kulalamika, akaipeleka kwenye bichi, pale mitumbwi inapofunga, ili nusu ya mzigo ivuke kwenda ng'ambo. Mnalijua lile teremko. Wanawake walikuwa wamejipanga na vibakuli tangu alfajiri. Mimi pia nilikuwa pale, nilitaka kuonekana. Niliiona pikapu ikianza kushuka, nikasubiri ipunguze mwendo, haikupunguza. Nilimwona Shabani usoni. Alikuwa anakanyaga, anakanyaga, mwili mzima unaruka kitini. Kisha akakata usukani kwa nguvu akawakwepa wale wanawake wengi, akaugonga ukuta wa ghala. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameketi chini ya ule ukuta, Mama Salima, muuza sombe. Mguu wake ulibaki kati ya bampa na matofali.

Magunia yalipasuka. Mama Salima analia, na watu wanachota chumvi kwa mikono. Siwalaumu, ila sijawahi kukisahau kile kitu.

Shabani alitoka amejigonga kichwa, anayumba, macho mekundu. Mtu mmoja akasema, "Amelewa." Mwingine akasema, "Amekunywa lotoko huyo," ile pombe yetu kali. Mkubwa wa mtaa alikuwa hapo, akanyamazisha watu, akanitafuta kwa macho, akaniita mbele. "Fundi, wewe njo ulitengeneza hii gari. Fren ilikuwa namna gani?"

Shabani aliinua kichwa akaniangalia. Alikuwa ananingojea niseme. Nilikuwa na nafasi, vijana. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi, na hakuna aliyekuwa amenishikia bunduki.

Nikasema, "Fren iko muzuri. Niliitengeneza mimi mwenyewe."

Maneno sita. Shabani hakubisha. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri neno "acha" na halisemwi, kisha akainamisha kichwa.

Pikapu ilivutwa mpaka garajini. Niliifungua pampu ya breki peke yangu, mlango umefungwa. Raba ya ndani ilikuwa imevimba, imelainika kama andazi kwenye chai. Nikaiweka kwenye kopo la maziwa, nikalificha juu ya boriti. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali haituambii kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Hakuna aliyempa Shabani gari tena. Alinunua baiskeli, akawa anaisukuma njia ile ile ya Kama, madumu ya mafuta kushoto na kulia, siku nyingi kwa miguu kwenda na kurudi. Jina la mlevi likamfuata hata msikitini. Kuna watu walisogea akisimama karibu nao kwenye safu. Na baiskeli yake, mnajua aliileta wapi kutengeneza? Kwangu. Nilimtengenezea bure miaka yote. Nilidhani bure ile ni kitu. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza akaja mteja. Mara ya pili nikasema vita viishe kwanza. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote, niliogopa tu, nikamwambia mnyororo wake umekwisha. Majuto ni mjukuu, husemwa hivyo. Wangu ameota mvi.

Alikufa msimu wa mvua uliopita. Nilibeba jeneza. Nilikuwa mbele kulia.

Baada ya arobaini akaja binti yake, Zaina. Ana miaka kama thelathini na mitano, anauza mchele na samaki wa chumvi Kama. Alikuwa ameinunua ile HARAKA YA NINI kwa watoto wa tajiri. Pikapu ilikuwa imelala miaka chini ya kibanda, kuku wanataga kwenye kiti, panya wamekula nyaya. Waliivuta mpaka uani kwangu. Nikamuuliza kwa nini hii, magari yamejaa. Akasema, "Papa Fundi, niko nataka watu waone mutoto ya Shabani iko naendesha gari ya Shabani." Halafu akaongeza, "Baba mwenyewe alisema, ile gari nikiipata nilete kwako. Alisema anayejua fren ya ile gari ni muntu moja tu."

Sijui alilisema kwa kunisifu au kwa kuniita. Nimeligeuza neno hilo usiku na mchana, sijapata jibu, na aliyekuwa na jibu nimembeba mwenyewe mpaka kaburini.

Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikamwelekeza. Alikuja na orodha kama zenu: matairi makubwa, taa, redio. Nikamwambia redio ataweka siku gari likijua kusimama. Alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Alipokwama kuwasha gari, alikwangua betri kwanza bila kuambiwa. Boliti moja tu alikata, nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwonyesha namna ya kusikiliza springi, nikamwambia ayatoe yale majani niliyoongeza zamani, hakuelewa kwa nini nilitaka sana yatoke. Raba mpya za breki tulipata mjini, na mafuta ya breki siku hizi yako dukani, makopo yamepangwa, unachagua. Siku ya kwanza kabisa nilimwonyesha jiwe na sheria yake. Akalipenda.

Siku ya kutoa hewa alikaa juu, mimi nikalala chini. Kulala bado naweza, kuamka ndiyo kazi. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shika." "Nimeshika." Sauti ilikuwa ya mwanamke, lakini ule utulivu wa kutoachia mpaka aambiwe ulikuwa wa baba yake. Nikashindwa kufungua skrubu ya gurudumu la nne. Nikasema kutoka chini, bila kuuona uso wake, "Mwanangu, siku ile ya bichi, fren haikuwa muzuri."

Nikamweleza yote. Mafuta ya ngazi, kopo la uongo, pedali iliyorudi polepole nikiwa nakula, na maneno sita. Nilikuwa nasubiri kusikia springi ya pedali ikirudi juu. Haikurudi. Alishika mpaka nikamaliza. Kisha ikarudi, mlango ukafunguka, nikaona miguu yake ikishuka. Nikamsikia akiliinua jiwe na kuliweka katikati ya kiti.

"Baba alikufa na jina ya mulevi," akasema. Hakupaza sauti. Akaondoka.

Siku nne pikapu ilikaa uani na jiwe kitini. Mke wangu alitaka kulitoa afagie mavi ya kuku, nikamkataza. Si yangu kulitoa.

Siku ya tano Zaina akarudi, polepole, kwa sababu alikuwa anatembea na Mama Salima. Bibi yule ameinama, ana fimbo, mguu ulipona umepinda. Nikasimama. Nikapanda kigoda, nikashusha kwenye boriti ya baraza lile kopo la maziwa, nililohama nalo kutoka garajini, nikamwonyesha raba. Imekauka sasa, imekunjamana, lakini bado unaona imevimba. Mama Salima aliipokea, akaigeuza.

"Kila mvua ikinyesha huu muguu unaniuma," akasema. "Na kila ukiniuma, nilikuwa namulaani Shabani. Miaka yote hii. Hata amekufa, sikuenda kwa matanga yake. Sasa, Fundi, mimi nitamuomba nani musamaha?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Nililia mbele yao, mzee mzima, na hakuna aliyeniambia pole, na ilikuwa haki.

Zaina akangoja nimalize. "Sijakusamehe, Papa. Nimekuya tumalize fren. Lakini yale maneno uliyasema mbele ya watu. Utayarudisha mbele ya watu." Nikamwambia nitayarudisha. Ijumaa nilisimama baada ya sala nikasema. Wengi hawakukumbuka hata ajali yenyewe, wengine walikuwa hawajazaliwa, na wale waliokuwa wakimkwepa Shabani safuni wengi wao wamemfuata. Ndiyo maana nayasema na kwenu. Shabani hakuwa amelewa. Shabani alikuwa anakanyaga breki ambazo mimi niliziua. Mkipita bichi mkimsikia mtu akisema vingine, mwambieni.

Siku ile ile ya tano tukamaliza gurudumu la nne. "Acha," nikasema, akaachia. Pedali ikawa ngumu, nzuri.

Lakini hakulitoa jiwe. Alishuka kwanza, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akakinusa. Akakisugua kwa kidole gumba, akanusa tena. Akachukua kopo nililotumia, akanusa na lile. Mimi nilisimama kando namwangalia, na wala sikuona vibaya. Ndipo akaenda kwenye kiti, akalitoa jiwe, akapanda.

Nanyi fanyeni hivyo. Fundi akikuonyesha kopo, usiangalie maandishi, nusa, hata kama fundi ni rafiki yako, hata kama ni mimi. Shabani alikuwa anashuka kwenye kila daraja la njia ya Kama akalitingisha gogo moja moja. Mafuta yangu hakuyanusa. Aliniamini.